UZI: Tunaotuma bidhaa kwa mabasi ya Uganda, Tanzania na mbali zaidi, njooni tuelezane (Kisumu, Nakuru, Kisii, Busia)

FundiWaKondele

Hamjambo wadau. Mimi ni mshonaji, nina cherehani nne hapa Kondele, na kazi yangu kubwa ni sare za kwaya. Kuna watu watatu wameniuliza kwa ujumbe wa pembeni ninavyofikisha mzigo Musoma, Mwanza na Jinja ilhali sina gari wala duka huko. Nimeona heri niandike hapa mara moja, kila mtu asome, na wenye uzoefu waongeze.

Nianze na siku iliyonifunza. Mwaka juzi kwaya moja ya Musoma iliniagiza majoho 24 meupe yenye utepe wa bluu mabegani, ya kuvaa kwenye makambi ya Wasabato. Wanaojua makambi wanajua hakuna kuchelewa: jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, hakuna wa kwenda stendi kufuata mzigo. Kwa hiyo nilitaka majoho yafike Alhamisi. Niliyakunja vizuri, nikayafunga kwa karatasi ya kaki, nikatia kwenye gunia jipya, nikaandika jina la mwalimu wa kwaya na namba yake ya simu kwa wino mzito. Nikampa utingo wa basi moja pale steji. Risiti hakunipa. Aliniambia, "Mama usijali, huu nauweka juu."

Haukuwekwa juu. Uliingia kwenye buti, chini ya vikapu vya samaki wa barafu. Alhamisi jioni mwalimu wa kwaya akanitumia picha: majoho saba yana mabaka ya manjano kuanzia kwenye pindo mpaka kifuani. Akina mama wa kwaya walikesha wakiyafua kwa sabuni na ndimu, na bado harufu haikutoka. Nilishona mengine saba kwa gharama yangu. Nilipokwenda kudai, mwenye ofisi aliniuliza swali moja tu: "Karatasi iko wapi?" Sikuwa nayo. Kwenye vitabu vyao mzigo wangu haukuwahi kupanda basi.

Nililia, nisiwafiche. Lakini wiki hiyo hiyo nikaanza kuuliza na kusoma wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje, kwa sababu haiwezekani sisi ndio watu wa kwanza duniani kutuma nguo kwa basi.

Nikakuta mambo ya Ufini. Kule kuna kampuni ya vifurushi inaitwa Matkahuolto, ilianzishwa mwaka 1933, na wenyewe ni wenye mabasi kupitia chama chao. Hebu mfikirie hilo. Makampuni ya mabasi yanagombania abiria barabarani kama hapa kwetu, lakini kwa vifurushi wamekubaliana kuwa na mfumo mmoja na karatasi moja. Mama mwenye kiwanda kidogo cha jamu ya matunda ya porini kaskazini kabisa, mahali ambapo theluji inafunika kila kitu, anapeleka boksi lake kituoni au kwenye duka lililo wakala, linabandikwa lebo, linapanda basi la kampuni hii na linaweza kubadilishiwa la kampuni ile njiani. Yeye hajui wala hana haja ya kujua dereva ni nani.

Hapo ndipo nikaelewa kosa langu. Nilikuwa natuma mzigo kama mtu anayemwomba jirani msaada. Mzigo nao ni abiria. Unatakiwa uwe na tikiti yake, sehemu yake ya kukaa, saa yake ya kuondoka, na mwenyeji wa kuupokea ukishuka. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, umeutupa tu barabarani na kuuombea dua.

Hivi sasa nafanya hivi. Sitoi mzigo bila risiti yenye idadi, thamani na namba ya gari, na gari lenyewe nalipiga picha kwa nyuma. Majoho nayakunja kwa mviringo na kuyaingiza kwenye ndoo za rangi za lita 20, zile zenye mfuniko wa kubana, nimezisafisha mpaka harufu ya rangi imekwisha. Ndoo moja inabeba majoho kumi ya kitambaa chepesi. Maji ya samaki hayaingii hata yafanye nini. Wateja wangu wa Musoma hunirudishia ndoo kwa basi lile lile, na wakati mwingine ndani yake wananitilia dagaa wa kwao.

Karatasi za nailoni nimeziacha kabisa. Kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda walitutangulia tangu 2008. Mtu ukifungia bidhaa zako kwenye mifuko ile ukavuka nayo mpaka wa Sirari, kuingia Tanzania, unajitafutia maneno bure.

Nitaendelea baadaye kuhusu ratiba. Sasa nina mteja mlangoni.

OmenaDunga

Mama, pole sana kwa majoho yale. Mimi ni wa samaki, na imeniuma kusoma, maana mzigo uliokuharibia huenda ulikuwa wa mwenzangu. Kwa haki kabisa samaki wa barafu hawafai kukaa buti moja na nguo za watu. Wenye mabasi wanajua, ila jioni kila mmoja anataka kujaza nafasi. Omena, yaani dagaa, mkavu ni sawa, akifungwa magunia mawili, moja ndani ya jingine, hasumbui mtu.

Nina swali lakini. Huko Ufini mabasi si ni ya serikali? Hapa kwetu kila gari lina mwenyewe, kila sako, yaani chama cha wenye magari, ina ofisi yake na mdosi wake. Unatuonyesha mambo ya watu wenye mfumo ilhali sisi tuna steji.

FundiWaKondele

Asante kaka. Hapana, na hilo ndilo lililonipa moyo. Wenye Matkahuolto ni kampuni za mabasi za watu binafsi, nyingine ni za familia, zimeungana. Serikali haikuwaletea kwenye sahani. Tofauti yetu na wao ni makubaliano tu. Wenye sako zetu wanakaa mkutano kupanga nauli ya Krismasi, basi hata kupanga lebo moja ya vifurushi wanaweza.

Ukitaka mfano wa mabasi ya serikali, uko India. Majimbo yao yana mashirika makubwa ya mabasi ya umma. Jimbo la Telangana lilianzisha huduma ya mizigo na vifurushi kwa mabasi yake Juni 2020, wakati wa korona, abiria wamepungua na magari yamesimama. Baadhi ya mabasi waliyageuza kuwa ya mizigo tu. Kilichonigusa mimi ni hiki: kuna mji wao mtakatifu unaitwa Bhadrachalam, ambako kila mwaka huadhimishwa harusi ya Rama na Sita, miungu ya Kihindu. Mchele uliobarikiwa kwenye sherehe hiyo, waumini wasioweza kusafiri huuagizia, na shirika la mabasi huwafikishia. Mimi nashona sare za ibada, kwa hiyo nililiona jambo hilo kwa jicho langu. Kitu kidogo, chepesi, chenye thamani kubwa moyoni mwa mpokeaji, na chenye tarehe isiyosogea. Hicho ndicho basi linakibeba vizuri kuliko chombo kingine chochote.

Karnataka nao wakaanza ya kwao mwaka 2021. Kwa hiyo iwe serikali, iwe watu binafsi, inawezekana.

NgoziNakuru

Niongezee kutoka Nakuru. Mimi natengeneza mikanda na viatu vya ngozi, na nina wateja wanne Kampala, wote maduka. Sisi wa Nakuru tuna bahati moja ambayo wengi hawaioni: mabasi ya Nairobi kwenda Kampala yanatupitia. Ina maana sina haja ya kupeleka mzigo Nairobi. Lakini bahati hiyo ina adha yake. Basi likifika Nakuru usiku buti limeshajaa, na dereva hataki kusimama zaidi ya dakika chache. Mara mbili nimebaki na boksi langu mkononi saa nne usiku.

Dawa niliyoipata ni kukata tikiti ya mzigo ofisini mchana, kabla basi halijaondoka Nairobi, ili ofisi impigie dereva aache nafasi. Nalipa kidogo zaidi, na nafasi naipata.

Ila sikubaliani na dada kwenye jambo moja. Kwa bidhaa ya bei kubwa mimi situmii basi. Nikiwa na oda ya mabegi ya ngozi ya shilingi laki moja na zaidi, natafuta kampuni ya usafirishaji yenye bima. Risiti ya basi, ukiisoma nyuma kwa maandishi madogo, inakuambia wazi fidia yao ina ukomo, hata kama umetangaza thamani. Someni nyuma ya risiti, jamani. Mimi nilisoma baada ya kupoteza mikanda 60.

FundiWaKondele

Hapo umenena kweli, na sibishani nawe. Mimi nagawanya. Oda ya majoho 60 haipandi basi moja. Naituma kwa safari tatu, ndoo mbili mbili. Likitokea la kutokea, kwaya inakosa majoho 20, na 20 nashona kwa siku mbili usiku na mchana.

MpakaniBusia

Nimesoma nikaona hakuna aliyegusa mpaka, na huko ndiko watu wanakoumia. Nimeishi Busia miaka mingi na kila wiki naona vifurushi vya watu vimelala chini kwa kukosa karatasi moja tu ambayo haiuzwi.

Iko hivi. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo wako ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa imelimwa au imetengenezwa ndani ya Jumuiya na iko kwenye orodha iliyokubaliwa, unajaza cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, afisa wa forodha anagonga muhuri, na hulipi ushuru wa forodha. Huhitaji wakala wa kukujazia. Dola 2,000 ni pesa nyingi kwa mtu wa ndoo tatu za majoho.

Lakini msichanganye mambo. Kuondolewa ushuru wa forodha hakukuondolei kodi nyingine za nchi unayoingia. Chakula, mbegu, samaki na ngozi mbichi bado vinataka vyeti vya afya. Na kitu ulichonunua tu Nairobi kikiwa kimetoka Uchina hakiwi cha Afrika Mashariki kwa sababu umekifunga upya. Dada wa majoho, kwa kuwa kitambaa chako huenda ni cha nje na ushonaji ni wa hapa, mwonyeshe afisa sampuli na risiti ya kitambaa kabla ya oda kubwa, akuambie kinahesabiwaje. Usingoje basi liko kwenye foleni.

Kosa kubwa ninaloliona ni hili: mtu anampa dereva mzigo, dereva hana karatasi, anauficha nyuma ya mabegi ya abiria. Ukikaguliwa, basi zima linasimama, abiria wanafoka, dereva anasema "sijui ni wa nani", na mzigo unabaki. Siwalaumu madereva peke yao. Mwenye mzigo naye alijua. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa Februari 2018, shughuli za nchi zote mbili zinamalizwa upande mmoja, ule unaoingia. Mwendo ni mwepesi kuliko zamani kwa mwenye karatasi.

Ushauri wangu: kama huwezi kusafiri na mzigo wako, mtafute mama mmoja wa hapa mpakani, mwaminifu, umlipe. Wapo. Anapokea mzigo kwenye basi la Kenya, anajaza cheti, anavuka nao, anaupandisha basi la upande wa pili. Mabasi mengi madogo yanaishia mpakani, hayavuki, kwa hiyo mtu wa katikati lazima awepo tu.

FundiWaKondele

Ubarikiwe sana. Hicho cheti mimi nimekitumia Isebania, upande wetu wa mpaka wa Sirari, na mtu wangu wa katikati pale ni mama muuza uji. Namlipa shilingi 300 kwa kila ndoo. Namba za ndoo anaziandika kwenye daftari lile lile la madeni ya uji, ananipigia picha ya ukurasa, kisha ndoo zinavuka Sirari. Tangu nimeanza naye hajapoteza hata moja.

Na la kitambaa nimelisikia. Jumatatu nakwenda na sampuli.

Sasa ratiba, kama nilivyoahidi. Wengi tunapanga kushona kwanza, halafu tunatafuta basi. Mimi nimegeuza. Naanza na saa ya basi la mwisho litakalofikisha mzigo kwa wakati, narudi nyuma siku kwa siku, ndipo najua nikate kitambaa lini. Kwa Musoma mzigo lazima uondoke Kisumu Jumanne alfajiri. Ukiondoka Jumatano nakosa usingizi. Kwa hiyo vifungo vinashonwa Jumapili, Jumatatu ni pasi na kufunga ndoo, na oda ikija Jumatatu siipokei hata kama mteja ni askofu. Ubaoni kwangu nimeandika saa za mabasi, wasichana wangu wa kazi wanazijua kama wanavyojua namba za vipimo.

Uswisi mabasi ya posta yalianza mwaka 1906, kutoka Bern, na kwa miaka mingi yalibeba barua, vifurushi na watu pamoja kupanda milimani. Mtu wa kijijini jibini yake aliipanga kwa saa ya basi. Saa hiyo ilikuwa mali yake, ingawa basi halikuwa lake.

MchongajiTabaka

Dada, sisi wa mawe ya Tabaka tufanyeje? Jiwe la sabuni, lile laini tunalochonga vinyago, ni zito na linavunjika. Nimetuma vinyago 40 vya viboko, wale wanyama wa majini, kwenda duka la watalii Jinja, vikafika 29. Vingine vilivunjika masikio. Basi linapita shimoni, boksi linaruka. Nilifunga kwa nyasi kavu na magazeti.

NgoziNakuru

Masikio ndiyo yanayovunjika kwanza kwa sababu yametokeza. Kila kimoja kifunge peke yake, na boksi liwe dogo. Boksi dogo utingo analishika kwa mikono miwili. Boksi kubwa analiburuta na kuliangusha. Mimi baada ya kupata hasara sitengenezi boksi linalozidi kilo 15.

MchongajiTabaka

Hilo la kilo 15 sikuwahi kulifikiria. Mimi nilikuwa najaza boksi moja ili nilipe nauli moja.

FundiWaKondele

Mzee wangu, na ukizungumza na mwenye duka, patana naye: viboko vyenye masikio mafupi vya safari ya basi, na vyenye masikio marefu utampelekea mwenyewe ukienda. Mimi pia nimebadilisha mishono. Kola ngumu za kusimama nimeziacha kwa wateja wa mbali, maana zinapondeka kwenye ndoo.

Kwa mizigo mizito kama yako, Uswidi wana kitu ningependa wenye mabasi wa kwetu wakione. Kaskazini mwa nchi yao, ambako watu ni wachache na miji iko mbalimbali, kuna mabasi yaliyogawanywa mara mbili: mbele viti vya abiria, nyuma chumba cha mizigo chenye mlango wake mkubwa. Huduma inaitwa Bussgods. Watu wachache peke yao hawawezi kulipia mafuta ya basi, na vifurushi peke yake haviwezi, lakini vikiwa pamoja njia inajilipa. Fikirieni basi la namna hiyo kutoka Kisii kwenda Migori na Isebania. Jiwe nyuma kwenye rafu, samaki kwenye kreti lao, majoho juu, na abiria mbele hanusi kitu.

ShangaziWaMilimani

Mimi nataka kugusa upande mwingine wa habari hizi za mabasi ya nchi za nje. Sisi tunaokwenda kununua. Nimekwenda Istanbul mara nne kuchukua nguo, na mara ya kwanza nilimaliza faida yangu kwenye teksi. Teksi asubuhi, teksi mchana, teksi na mifuko jioni. Kila duka nililoingia nilikuwa nimeshatumia pesa ya gauni moja.

Mara ya pili mwenyeji wangu akaninunulia kadi ya Istanbulkart. Unaijaza pesa, unagusa mlangoni, unapanda. Wana mabasi ya Metrobüs yaliyoanza mwaka 2007, yana njia yao katikati ya barabara kuu, hayakai kwenye foleni ya magari. Kituo kimoja kinaitwa Merter, na Merter ndiko waliko wauzaji wa nguo kwa jumla. Unashuka na kutembea dukani. Nilitumia siku tatu kuzunguka nikiandika bei tu, sinunui, kwa sababu nauli haikuniuma tena. Siku ya nne nikanunua nikijua nani ana bei ya kweli. Hiyo ndiyo faida niliyoipata kwa basi: lilininunulia muda wa kulinganisha bei.

Tahadhari moja. Usipande basi la saa za kazi na mabunda makubwa, watu wanajaa mpaka mlangoni. Nunua, acha mzigo kwa msafirishaji pale pale, wewe rudi mikono mitupu.

BintiWaMamboleo

Kweli kabisa shangazi. Binamu yangu yuko Uingereza, anauza vikapu vya magugu maji ninavyomtumia kutoka hapa Kisumu. Hana gari. Anapanga masoko ya mitaa kwa njia za basi: Jumamosi mji huu, Jumapili ule. Serikali yao iliweka ukomo wa nauli ya safari moja ya basi England, pauni 2 kuanzia Januari 2023, ikapanda kuwa pauni 3 Januari 2025. Kwa hiyo anajua nauli yake kabla hajauza hata kikapu kimoja, hata mji ukiwa mbali.

Aliponieleza hilo nilibadilisha vikapu. Sasa nasuka saizi tatu zinazoingiana, kikapu ndani ya kikapu, ili 15 viwe mzigo wa mtu mmoja kwenye kiti. London kwenyewe akaniambia usipeleke sarafu, mabasi yao hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014, ni kadi tu. Alishushwa siku ya kwanza akiwa na vikapu vyake mvuani.

OmenaDunga

Haya yote mazuri. Lakini siku basi likiacha kuja? Njia ya kwetu sako moja ilijitoa, na wateja wangu wa Siaya walikaa wiki tatu bila omena.

FundiWaKondele

Hilo ni swali ninalolala nalo. Kanada wameliona kwa uchungu. Jimbo la Saskatchewan lilikuwa na kampuni ya serikali ya mabasi tangu 1946, ikibeba watu na vifurushi mpaka vijiji vya wakulima. Mei 2017 ikafungwa kwa sababu ya hasara. Mwaka uliofuata, mwisho wa Oktoba 2018, Greyhound nao wakaacha karibu njia zao zote za magharibi mwa Kanada, na Mei 2021 wakafunga nchi nzima. Waliokuwa wakitegemea basi lile lilete spea ya trekta kesho yake asubuhi, wakabaki na kuendesha wenyewe mamia ya kilomita. Hasara ya kampuni ilihesabiwa kwenye vitabu. Hasara ya fundi wa trekta wa kijijini sijui aliihesabu nani.

Kwa hiyo kila mji ninaouzia natunza njia mbili, hata kama ya pili ni ghali. Mwanza natuma kwa kupitia Sirari, lakini pia nina rafiki dereva wa lori la mizigo. Na tunaposema njia, tuangalie pia zinazofunguka. Daraja la Kigongo na Busisi, karibu na Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa karibu kilomita 3 juu ya ziwa. Zamani basi la Sengerema na Geita lilikuwa linasubiri kivuko, na mzigo wako unasubiri nalo. Sasa linapita moja kwa moja. Nimeshapata kwaya mbili za Geita ambazo zamani nisingethubutu kuziahidi siku.

OmenaDunga, njoo tuzungumze. Wewe una wateja Siaya, mimi nina kwaya Siaya. Tukienda wawili kwa meneja wa sako ile iliyobaki, na Mchongaji akawa wa tatu kwa njia ya Kisii, tunaweza kumwahidi mizigo ya kila wiki kwa karatasi, naye atupe nafasi ya kudumu na mtu mmoja wa kupokea. Na tumuulize kama ofisi yao ina leseni ya vifurushi ya Mamlaka ya Mawasiliano, maana kubeba vifurushi vya watu kwa malipo ni kazi yenye leseni, na mwenye leseni ana pa kushtakiwa.

OmenaDunga

Nipo. Alhamisi saa nne asubuhi, soko la Kibuye, lango la upande wa mitumba. Nitakuja na daftari langu la mauzo ya miezi sita aone kwa macho yake.

MchongajiTabaka

Mimi nitatoka Tabaka na gari la kwanza. Nileteeni ndoo moja ya rangi nijaribu viboko.

FundiWaKondele

Narudi na habari ya Alhamisi. Meneja alitusikiliza. Hakukubali kutenga buti, alisema hawezi kumnyima abiria nafasi ya begi. Lakini amekubali rafu ya chuma nyuma ya kiti cha mwisho kwenye magari mawili, na samaki wa barafu hawataingia kwenye magari hayo. Amekubali pia risiti yenye namba, nakala tatu: ya kwetu, ya dereva, ya mpokeaji. Tumeanza na ndoo sita, na mbili zina viboko ndani ya maranda ya mbao.

MchongajiTabaka amepigiwa simu leo kutoka Jinja. Viboko 12 vimefika, masikio yote 24 yapo.

MpakaniBusia

Vilipita hapa jana saa kumi alfajiri, cheti kiligongwa muhuri ndani ya nusu saa. Ndoo tupu mbili zinarudi na basi la leo jioni. Anayezipokea Kisumu aniandikie namba yake ya simu kwa ujumbe wa pembeni.